Pindo: shajara ya kanga inayowaka

4 Januari

Nimeanza. Naandika shajara hii ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Wazo lenyewe ni kanga ambayo pindo lake limeshonewa taa ndogo za LED, na taa hizo zinawaka kufuata hali ya moyo wa aliyeivaa. Vidoleni kuna kihisi kinachosoma ngozi, bodi ndogo inachambua, pindo linaonyesha. Nimeuita mradi Pindo.

Mimi si wa kwanza. Mwaka 1975 Marekani zilivuma pete za hisia, zenye fuwele za kioevu zinazobadilika rangi kwa joto la kidole. Watu walizinunua wakiamini zinasoma moyo, kumbe ni vipimajoto vya kuvaa. Mwaka 1999 kundi la mtafiti Rosalind Picard, pale MIT Media Lab, maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, lilitengeneza glavu iliyoitwa Galvactivator, yenye taa inayozidi kung'aa kadiri ngozi ya kiganja inavyozidi kupitisha umeme. Mwaka 2006 kampuni ya Philips ikaonyesha gauni la Bubelle, la tabaka mbili: la ndani linahisi, la nje linatoa mwanga.

Kinachonivuta mimi ni kwamba huku pwani nguo ilishaanza kusema zamani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mtu aliyekorofishana na jirani halazimiki kufungua mdomo: anatafuta doti yenye jina linalomfaa, anaianika kambani upande wa jirani, kazi imekwisha. Shangazi yangu ana moja imeandikwa "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika". Nilipoisoma juzi nikajiuliza: je, jina la kanga likiwa linajiandika lenyewe?

Vilivyo mezani: bodi ya ESP32, taa 20 aina ya WS2812B, betri ya lithiamu ya volti 3.7 na moduli yake ya kuchajia, chipu mbili za LM358 za kukuza ishara ndogo, rezista za kila namna, na uzi unaopitisha umeme, wa nailoni iliyopakwa fedha. Huo uzi nimeagiza nje. Kariakoo nimezunguka mpaka wapiga debe wakanizoea, sikuuona. Fundi wa kushona atakuwa Shangazi, ambaye cherehani yake iko barazani Magomeni na ambaye bado hajaambiwa.

7 Januari

Waswahili tunasema "kijasho chembamba kilimtoka". Si jasho la kulima wala la kupanda ngazi. Ni lile linalokuja mtu akiitwa na bosi ghafla, au simu ikiita saa nane usiku. Hicho ndicho ninachokitafuta, na sidhani kama kuna lugha iliyokipa jina zuri kuliko hili.

Maabara nazo zilikifikia. Mwaka 1888 Charles Féré, daktari wa Ufaransa, alipitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye miili ya wagonjwa akaona kwamba wakishtuliwa au wakisisimka, ukinzani wa ngozi unashuka. Miaka miwili baadaye Tarchanoff, huko Urusi, alionyesha kuwa hata bila kupitisha mkondo wowote kutoka nje, ngozi yenyewe inabadilika umeme wake. Sababu ni vitezi vya jasho. Vile vya viganjani na nyayoni vinaendeshwa na ule upande wa neva unaouandaa mwili kwa purukushani, upande ambao mtu hauamrishi. Ukishtuka, jasho linapanda kwenye vijifereji vyake hata kabla hujaliona, na maji ya chumvi yanapitisha umeme.

Kipimo ni maikrosimensi, yaani jinsi ngozi inavyopitisha umeme, kinyume cha ukinzani. Mtu aliyetulia huwa kati ya 2 na 20 hivi. Mimi leo nimesoma 5, sawa na ukinzani wa kilo-ohm 200. Nimetumia volti 0.5 tu kwenye vidole, kwa hiyo kinachopita ni kama maikroampia 2.5, mtu hahisi kitu.

Vihisi vya kwanza ni vipande vya foili ya jikoni vilivyofungwa kwa plasta. Mdogo wangu kapasua puto nyuma yangu bila taarifa. Mstari wa grafu ukakaa kimya, sekunde moja, ya pili, kisha ukapanda kama kichuguu. Nikapiga kelele kwa furaha. Kelele ile ikaleta kichuguu cha pili.

10 Januari

Siku mbili zimekwenda na maji. Kwa waya wa USB kila kitu kilisoma vizuri. Nikiwasha Wai-Fai ili grafu ije kwenye simu, namba zinakufa. Nimebadilisha rezista, nimelehemu upya, nimemlaumu mwenye duka. Kumbe nilikuwa nimechomeka kihisi kwenye pini 25. Pini hiyo ni ya ADC2, moja ya sehemu mbili za bodi zinazogeuza volti kuwa namba, ambayo kwenye ESP32 inatumiwa na Wai-Fai yenyewe. Nimehamia pini 34 ya ADC1, imekwisha. Watengenezaji wameliandika hili wazi. Sikusoma.

12 Januari

Foili haifai. Inatatarika, na alumini ikikaa na jasho inajitengenezea umeme wake, basi mstari unateleza polepole kuelekea chini hata kama mtu kalala. Hospitalini wanatumia vihisi vya fedha yenye kloridi ya fedha. Nimekwenda kwa sonara.

"Hii pete ya nani?" ananiuliza, akikata vipande viwili vya fedha ukubwa wa kifungo cha shati.

"Si pete. Ni ya kupimia woga."

"Woga wa nani, bwana harusi?"

Nyumbani nikavisugua kwa msasa, nikavitumbukiza kwenye Jik nusu saa. Fedha ikaanza kujivika rangi ya kijivu, kisha kama zambarau ya biringanya. Hiyo ndiyo kloridi ya fedha. Ukavisuuze sana, vinginevyo dawa itakula ngozi kabla ya kuisoma. Mstari uliokuwa ukiyumba sasa umetulia. Matumizi mazuri kuliko yote ya pesa katika mradi huu, na sonara bado anaamini nitaoa.

15 Januari

Shangazi kaambiwa.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Umeleta kazi au umeleta njaa?"

Nimeleta vyote viwili. Ana rundo la nguo za watu, maana kila mwenye harusi anataka iishe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, lakini alipouona uzi wangu akausogeza karibu na macho. Mimi nilikuwa nimejaribu kuushona kwa mashine nikiutia juu kwenye sindano. Ulichanika kila baada ya nchi mbili, ukaacha manyoya ya fedha. Yeye hakujaribu hata mara moja. "Uzi wa namna hii hautiwi juu. Tundu la sindano linaukwaruza." Akautia kwenye bobini, juu akaweka uzi wa kawaida mweusi, akalegeza kidude cha kukazia uzi kwa robo mzunguko, akabadili mshono kuwa wa nyoka. Mita moja na nusu ya pindo, mara moja, bila kukatika. Upande wa juu huoni kitu ila uzi mweusi. Ukigeuza kanga ndipo unauona mstari wa fedha.

Tukawasha taa zote 20 kwa mweupe. Za kwanza saba au nane zilikuwa nyeupe kweli. Zilizofuata zikawa za manjano, kama taa za kibatari. Za mwisho nyekundu.

"Huku mwisho ndiko kumekasirika?" Shangazi akauliza.

Hapana, huku mwisho kuna njaa ya volti. Uzi wa fedha una ukinzani, kila taa inakula yake njiani, na volti ikipungua buluu na kijani hufa kwanza kwa sababu zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu. Nyekundu inabaki peke yake. Nimecheka, lakini imenikaa kichwani: mtu angepita pale angesema mvaaji ana hasira, na mvaaji mwenyewe alikuwa kiti.

Dawa: umeme wa taa sasa unapita kwenye waya mwembamba wa shaba ndani ya upindo, ukiingizwa ncha zote mbili, uzi wa fedha unabeba ishara tu. Mwangaza nimeuminya mpaka sehemu moja ya nane. Taa hizi zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote kila moja hunywa kama miliampia 60, kwa hiyo zote 20 ni ampia 1.2, na betri yangu ni ya kuonea huruma.

19 Januari

Umeme umekatika, na ndiyo siku bora ya mradi hadi sasa.

Mdogo wangu alikuwa amekaa na vihisi kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilikuwa nampa jaribio ambalo Wajerumani wa Trier walilitunga mwaka 1993 kwa ajili ya kuwatia watu msongo: hesabu kurudi nyuma kutoka 1022, ukitoa 13 kila mara, mbele ya watu wanaokukazia macho. Ukikosea unaanza upya. 1009, 996, 983, 970, 957... hapo akakwama, akasema 943, nikamwambia anza upya. Kwenye grafu kila kosa lina kichuguu chake.

Kama saa mbili kasoro robo usiku, giza. Kompyuta ilikuwa na chaji, ikaendelea kurekodi. Sekunde mbili baada ya giza mstari ukaruka maikrosimensi 1.4, ukakaa kidogo, ukashuka. Safi kabisa, kama picha ya kitabuni. Jaribio likaishia hapo. Dogo akajilaza mkekani na vihisi vyake, akacheza gemu la simu.

Lakini feni nayo ilikuwa imezimika. Katika dakika ishirini zilizofuata mstari ulipanda taratibu kutoka 6 hadi 11, bila kichuguu hata kimoja. Dogo hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa na joto.

Mambo mawili, basi, yamo kwenye mstari mmoja. Kuna maji, yanayojaa na kupwa polepole, na kuna mawimbi juu yake. Puto, giza, kosa la hesabu: hayo ni mawimbi. Joto la Dar ni bamvua. Glavu ya MIT ilizaliwa kwenye jiji la baridi. Hapa kwetu Januari, kanga yangu ingewaka pindo zima kwa mtu ambaye shida yake pekee ni kukosa feni. Nimeandika upya programu: inakadiria kina cha maji kwa kila dakika tatu, inakitoa, inabaki na mawimbi.

23 Januari

Nilitaka kuongeza mapigo ya moyo kwa MAX30102, kile kihisi kinachomulika kidole kwa taa nyekundu na ya infraredi kisha kupima mwanga unaorudi. Kwangu kimesoma 72. Kwa dogo 80. Kwa Shangazi kimesoma 41, kisha 190, kisha hakuna kitu, kana kwamba kimewekwa juu ya meza.

Nikaushika mkono wake nikaugeuza. Ametoka kwenye singo juzi. Ncha za vidole zimepakwa piko nyeusi ti. Mwanga hauingii wala hautoki. Tukajaribu kidole gumba ambacho piko imeanza kubanduka, 76.

Hili si la kuchekea tu. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha takwimu zinazoonyesha kuwa vipimo vya oksijeni vya kidoleni vilishindwa kuwagundua wagonjwa weusi waliokuwa na oksijeni kidogo karibu mara tatu ya vilivyoshindwa kuwagundua weupe. Kifaa kinachotegemea mwanga kina maoni kuhusu ngozi, hata kama aliyekitengeneza hakukusudia. Nimekitoa kwenye mradi. Kanga isiyomtambua mwanamke aliyepaka piko ni kanga ya nani?

26 Januari

Nimejaribu njia ya mkato na nimeadhibiwa.

Kuna hazina ya data iitwayo WESAD, ilitolewa mwaka 2018, ya watu 15 waliovishwa vihisi kifuani na mkononi, wakatiwa msongo, kisha wakachekeshwa. Nikafundisha modeli ndogo, yaani programu inayojifunza kwa mifano, kwa data ya mkononi. Kwenye data yao wenyewe ilipata alama nzuri, nikajiona bingwa. Nikamfunga Shangazi kihisi akiwa jikoni. Modeli ikasema: msongo. Baada ya dakika tano: msongo. Msongo, msongo, msongo. Alikuwa anakatakata vitunguu na kuimba taarabu chinichini, jiko la mkaa limewaka mbele yake. Watu wale 15 wengi wao walikuwa wanafunzi wa kiume, ndani ya maabara Ujerumani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anapika pilau.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Russell alizichora hisia kwenye duara lenye mihimili miwili: mmoja unasema jambo ni tamu au chungu, mwingine unasema mwili umeamka kiasi gani. Ngozi inanipa huo wa pili tu. Kijasho cha bwana harusi na kijasho cha mshtakiwa kizimbani ni kimoja. Wanaodhani uso utasaidia nao wana kesi ya kujibu: mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia utafiti mwingi wakaonyesha kwamba huwezi kumtazama mtu amekunja uso ukahitimisha amekasirika. Watu hukunja uso wakifikiri, wakipigwa na jua, wakisikia utani mbaya.

Kwa hiyo nafuta neno "hisia" kwenye maelezo ya mradi, naweka "msisimko". Inauma kidogo. "Kanga inayosoma hisia" lilikuwa jina zuri la kuombea pesa.

28 Januari

Rangi. Nilikuwa nimeandika kwenye programu: nyekundu hasira, buluu huzuni, kijani utulivu. Sijui nilizitoa wapi, nadhani kwenye emoji. Shangazi kazitazama.

"Nyekundu hasira? Na kisutu je?"

Kisutu ni kanga ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mwanamke wa pwani aliyevaa nyekundu iliyokoza kwa kawaida yuko kwenye shughuli, hayuko kwenye ugomvi. Nimefuta rangi zote. Sasa kuna rangi moja ambayo mvaaji anaichagua mwenyewe asubuhi, na kinachobadilika ni mwendo: mwanga unajaa kutoka kona moja ya pindo kwenda nyingine kama maji yanavyoujaa ufukwe, na kila msisimko unapita juu yake kama wimbi. Nimekaa nikiutazama mpaka betri ikaisha.

1 Februari

Jasho la joto na kijasho chembamba vimepatana hatimaye, kwa kifaa cha bei ya andazi.

Kuna msemo mwingine, "jasho baridi". Nilikuwa nausikia tu. Mtu akiogopa, mishipa midogo ya vidoleni hubana, damu inapungua, kidole kinapoa huku kinatoa jasho. Mtu akisikia joto, mishipa ileile hupanuka ili joto litoke, kidole kinapata moto huku kinatoa jasho. Jasho linafanana, joto la kidole linakwenda njia mbili tofauti. Nimeweka thamista, kihisi kidogo cha joto, ya kilo-ohm 10 katikati ya vile vipande vya fedha. Upitishaji ukipanda na kidole kikipata joto, programu inasema ni hali ya hewa, inanyamaza. Ukipanda na kidole kikipoa au kikibaki vilevile, inapitisha wimbi.

Nimezima feni kwa makusudi, nimekaa nusu saa nikilowa. Pindo kimya. Nikamwambia dogo achague wakati wake. Akasubiri nisahau, akabwaga sufuria. Wimbi moja. Huyu mtoto anaipenda mno kazi hii.

Kikomo: ukitembea haraka au ukibeba ndoo, vihisi vinasogea na kila kitu kinavurugika. Nimeongeza MPU6050 ya kuhisi mwendo. Mkono ukitikisika sana, pindo linasubiri.

5 Februari

Nimempa Shangazi kifaa siku nzima pamoja na daftari, aandike kila jambo na saa yake, ili jioni nilinganishe na grafu. Ameandika vizuri, mwandiko wa shule za zamani. "Saa 2:15, mteja kaja kudai gauni halijaisha." Nikaenda kwenye grafu saa 02:15. Bapa. Nikafikiri kihisi kimekufa. "Saa 4:10, simu ya Tanga." 04:10, bapa. Nimetumia saa nzima kutafuta hitilafu kabla sijajipiga kofi la paji la uso: saa mbili na robo ya Shangazi ni 08:15 ya kompyuta. Na juu ya hapo bodi ilikuwa inahesabu saa za Greenwich, kwa hiyo nilitakiwa kutazama 05:15. Nimeandika mistari minne inayogeuza saa za kizungu kuwa za Kiswahili, na grafu sasa inaanza na "saa 12 asubuhi" kama kawaida ya jua. Baada ya hapo, mteja wa gauni yupo: mawimbi matano mfululizo.

8 Februari

Jaribio la kwanza mbele ya watu. Jioni, barazani, majirani wanne, kahawa na kashata. Shangazi kajifunga kanga, pindo linajaa na kupwa taratibu, watoto wamekusanyika. Kila mtu anataka kumshtua. Mmoja kapiga makofi, wimbi. Mwingine kamtaja mume wa marehemu dada yake, wimbi kubwa. Wakacheka. Kisha jirani mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, akauliza kuhusu pesa za mchezo wa mwezi uliopita.

Pindo likajaa lote.

Hakuna aliyecheka. Shangazi akavuta ncha ya kanga akaikalia, akabadilisha mazungumzo. Wageni walipoondoka nikawa nakusanya vikombe, akaniambia bila kunitazama:

"Kanga inanisemea. Hiki chako kinanisemelea."

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa naandika sina. Kanga ya kikohozi aliinunua yeye, akaivaa siku aliyotaka, akaipitisha kwa mlango aliotaka. Angeweza kuikunja sandukuni. Mimi nimemvika nguo inayosema jambo ambalo yeye ameamua kulinyamazia, mbele ya watu anaoishi nao.

Na hakuwa amekula pesa za mchezo, kaniambia baadaye. Alishtuka kwa sababu anamjua aliyezila.

10 Februari

Nimetafuta sheria zinasemaje. Umoja wa Ulaya, katika sheria yao ya akili mnemba ya mwaka 2024, wamepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Katazo linafanya kazi tangu 2 Februari 2025. Hapa kwetu hakuna kifungu cha namna hiyo, lakini kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu zimo kwenye taarifa nyeti. Mawimbi ya ngozi ya Shangazi yalikuwa yanakwenda kwenye simu yangu kwa Wai-Fai bila nywila. Nimeona aibu.

Mabadiliko, yote yamefanyika leo:

Wai-Fai imetolewa kabisa. Data inakaa kwenye kadi ya kumbukumbu iliyoshonewa ndani ya upindo, na kadi ni ya mvaaji.

Taa zimegeuzwa. Shangazi amezifumua na kuzishona upya zikitazama ndani, upande wa mwili. Mvaaji akiinamisha kichwa anaona mwanga kwenye kitambaa, anayemtazama kutoka mbele haoni kitu. Usiku sana mwanga unapenya kidogo, nimepunguza tena.

Kuna kifungo cha kubana mahali anapoingiza mkono. Akikibana, na hapo tu, pindo la nje, ambalo sasa lina taa zake sita, linawaka. Likiwaka linawaka vile anavyotaka yeye, hata kama ngozi inasema vingine. Dogo anasema huo ni uongo. Nimemwambia akaulize kanga zilizoko kambani.

15 Februari

Jana ilikuwa harusi ya binti wa mtaa wa pili, ya mwisho kabla ya mwezi. Shangazi ameivaa Pindo tangu magharibi mpaka saa sita usiku. Betri imedumu, ajabu. Kifungo amekibana mara mbili tu, bibi harusi alipoingia na wakati wa kutunza, na anasema wanawake waliuliza kanga ile inauzwa duka gani.

Leo asubuhi kaleta kadi mwenyewe, na daftari. Tumekaa na grafu. Alikuwa anasoma, mimi naweka alama. Saa moja na dakika ishirini, vigelegele. Saa mbili na nusu, bibi harusi. Saa mbili na dakika hamsini, sahani ya pilau kuanguka, si yake. Ngoma ilipopigwa mawimbi yamerundikana, lakini kihisi cha mwendo kinasema alikuwa anacheza, kwa hiyo hatuyahesabu.

Saa tatu na dakika arobaini kuna wimbi moja peke yake, kubwa kuliko yote niliyowahi kurekodi, maikrosimensi 2.9, kidole kimepoa karibu nyuzi moja. Mkono haukutikisika hata kidogo. Alikuwa amekaa. Nikaangalia daftari. Saa imeandikwa sawasawa, na mbele yake neno moja tu: "Yangu."

Nikaweka alama ya nukta, tukaendelea na inayofuata.

Vilivyobaki: kipande kimoja cha fedha kimebanduka kwenye mshono, nirudi kwa sonara. Uzi umebaki kama mita tatu. Kanga ifuliwe kwa mkono, bodi itoke kwanza. Shangazi anataka taa za nje ziwe nane badala ya sita.